Nguchiro na Foleni ya Kurudia Kozi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi hizo wanyama wakisoma hadi chuo kikuu na kuvaa majoho, Nguchiro alipata D katika kozi ya Nyoka na Sumu Zake.

Msicheke! Ndiyo, Nguchiro, ambaye ukoo wake mzima kazi yake ni kupambana na nyoka. Yeye alikuwa akisinzia darasani, akidhani mambo hayo amezaliwa nayo.

Mama yake alipoona matokeo, mwiko ulimponyoka, chubwi! ukatumbukia kwenye mchuzi.

"Mwanangu, akina Kware wanatafuta mlinzi wa vifaranga vyao, na wanataka mwenye B. Nani atamkabidhi mwanawe kwa nguchiro wa D?"

Aibu ilimchoma Nguchiro. "Nitarudia kozi, mama. Na safari hii sisinzii!"

Kanuni za chuo zilimruhusu yeyote kurudia kozi ili kupandisha alama, lakini mara moja tu, tena muhula unaofuata. Baada ya hapo, basi.

Asubuhi Nguchiro akakimbilia kwa msajili. Lo! Dirisha bado limefungwa, nafasi ni tano tu, na kwenye foleni wamejipanga Kifaru, Nyati, Kiboko, Twiga na Tembo. Wote wana B. Wanatafuta A ya kujitapia!

"Shikamooni, wakubwa zangu. Mimi nina D. Naomba mmoja wenu anipishe."

"Marahaba. Nenda nyuma!" Kifaru akakoroma. Nyati akampiga kikumbo, puu! mpaka majanini.

Nguchiro hakulia. Alijikung'uta vumbi, akaliona tangazo la kanuni ukutani, akapanda juu ya benchi akalisoma lote mpaka nukta ya mwisho. Kisha akapita kando ya foleni akitikisa kichwa.

"Masikini B ya kaka Kifaru! Ilikuwa B nzuri."

"Ilikuwa? Kwani imefanywa nini?"

"Ala! Hamjasoma kanuni?"

Kiboko akakohoa. "Tulisoma... siku nyingi."

Uongo mtupu, wanangu! Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja.

"Hebu tukumbushe," Twiga akasema kwa sauti ndogo.

Nguchiro akarudi juu ya benchi, akasoma kwa sauti: "Mwanafunzi akijiandikisha kurudia kozi, alama yake ya zamani huwekwa kando."

Hapo akanyamaza, akashuka.

"Mama yangu!" akalia Tembo. "Na nikifeli mtihani?"

"Kaka Tembo, mtihani wenyewe unaujua. Muhula uliopita uliandika huku unatetemeka."

"Mimi B yangu inanitosha!" akapiga kelele Kiboko.

"Hata mimi!" akasema Nyati, na kabla hajamaliza, Kifaru alishatimua mbio, wengine wote nyuma yake. Tutu! Tutu! Tutu! Vumbi likatanda, kwenye foleni akabaki Nguchiro peke yake.

Dirisha likafunguka, kwaa! Bi Korongo, msajili, akachomoza shingo. "Nani anarudia?"

"Mimi, Bi."

"Kanuni umezisoma?"

"Zote!"

Akaandikishwa. Na alisoma, wanangu, alisoma kwelikweli. Alikaa mstari wa mbele, akachora meno ya swila mpaka wino ukamwishia, na usingizi ukija alijing'ata mkia. Matokeo yakatoka: B! Mama yake akapiga vigelegele, na akina Kware wakamwita aanze kazi Jumatatu.

Siku hiyo ndipo wale wakubwa walipolisogelea tangazo. Twiga akasoma: "...huwekwa kando hadi matokeo mapya yatoke, kisha ile iliyo kubwa ndiyo itakayohesabiwa."

Salaale! Na muda wa kurudia ulishawapita. Wakamvamia Nguchiro wakihema.

"Mjanja we! Ulitusomea nusu!"

"Nusu niliyosoma ilikuwa kweli," akajibu Nguchiro bila kurudi nyuma. "Na mlinisukuma mimi mwenye shida, nikakosa pa kushika ila kanuni. Mimi nilipanda benchi ndipo nikasoma. Ninyi ilikuwa mbele ya pua zenu. Nani aliwazuia?"

Wakatazamana. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, Kifaru akitangulia.

Nami nanyamaza hapa, ila hili mlishike: asiyesoma kanuni mwenyewe, husomewa na mwenye haja yake.