Mguu wa Bi Tembo na Manyoya ya Kasuku

Mmekaa?
Tumekaa.
Na masikio?
Tumekuja nayo.

Hapo kale, mwaka wa saba tangu Mto Kiwele uhame njia, kiangazi kilidumu siku tisini na mbili bila wingu. Siku ya tisini na tatu, Bi Tembo alichimba mchangani, akapata maji. Nyuma ya vilima vitatu alikuwako dada yake, Bi Mashavu, na mtoto mchanga ambaye asingeiona kesho bila maji.

"Nitampelekea habari," alisema Kasuku, mjumbe wa wanyama, aliyeamini kwamba jambo lisilotamkwa halipo.

"Nimeshampelekea, mjukuu wangu." Bi Tembo alikuwa amekanyaga ardhi mara tatu: ndu, ndu, ndu.

Kasuku alicheka nusura aanguke tawini. "Bibi, tangu lini mguu ukaota ulimi? Ukinitangulia kumfikia, manyoya yangu matatu mekundu ya mkia ni yako."

"Nenda salama."

Kasuku akaruka. Kilima cha kwanza akamkuta Ngiri, na mjumbe hampiti mtu bila salamu. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za shimoni? Nzuri. Kilima cha pili akamkuta Pundamilia. Za nyumbani? Za watoto? Za mistari? Nzuri, nzuri, nzuri. Kilima cha tatu akamkuta Kobe.

"Za nyumbani..." alianza Kobe, jua likapanda. "...ni nzuri," alimaliza Kobe, jua likafika utosini.

Kasuku alipomaliza salamu zote tatu, aliona vumbi. Bi Mashavu alikuwa njiani tayari, akimsukuma mtoto kwa mkonga.

"Nani amekuambia?" aliuliza Kasuku.

Bi Mashavu aliinua mguu, akamwonyesha unyayo.

Majini, mtoto alikunywa, akajimwagia, akawamwagia wote. Ngiri, aliyefuata vumbi, alicheka akigaagaa matopeni. Bi Tembo alimtazama Kasuku. Kasuku akageuka, akamwinulia mkia ang'oe manyoya.

"Mbona unayatoa?" aliuliza Ngiri. "Bibi hajasema kitu."

"Hajasema," alijibu Kasuku, "lakini nimemsikia."

Basi funzo ni hili: ulimi ni njia moja tu ya kusema, wala si ya kwanza. Wapendanao husikizana kabla ya kutamka.

Hadithi imekunywa maji, imekwenda zake. Gharama yote: manyoya matatu.