Mkunga wa Kijiji Kisicholia

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu walionyimwa chakula. Paukwa!

PAKAWA!

Naam. Hadithi inakuja, haina viatu, imetoka mbali.

Ije, tuitandikie!

Hapo kale, nyuma ya milima miwili, palikuwa na kijiji kiitwacho Mavumba. Watu wa Mavumba walikuwa watu kama ninyi. Walilima mtama, walifuga, walisengenyana. Lakini walikuwa na jambo moja la kuringia: wanawake wa Mavumba walizaa bila kulia. Bila kulia, bila kuguna, bila hata kusema "aah".

Msinitazame hivyo. Ndivyo walivyosema.

Mwanamume wa Mavumba akijikwaa kidole, kijiji kizima kinajua kidole gani. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu, shangazi na mawifi walikuja, wakatandika mkeka nje ya mlango, wakaketi, wakatega masikio. Wakisikia sauti, basi tena. Mlango wake hutundikwa kengele ya mbuzi siku arubaini. Kwa nini ya mbuzi? Kwa sababu mbuzi akichinjwa hupiga kelele, kondoo hunyamaza. Na wahenga walisema, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mavumba wakaona, kama kufa ni hivyo, kuzaa kutakuwaje?

Kengele yenyewe ilikuwa imeota kutu. Haijatundikwa miaka na miaka.

Na aliyejua sababu ni mtu mmoja tu, Bi Siwema, mkunga.

Siwema aliwazalisha wote. Mikono yake ilikuwa mikavu, mizuri, na sikio lake lilikuwa kali. Mkono hupapasa, alisema, sikio huamua. Na mwanamke akikaribia kushindwa, Siwema alimkandamiza kinywa begani kwake, akamfunika kanga, akaanza kuimba kwa sauti ya kuezua paa. Mwanamke akalia humo begani mpaka basi. Mtoto akatoka. Siwema akafungua mlango, akawaambia walioketi mkekani, "Kimya kama kondoo."

Wakapiga vigelegele.

Na yule mama, ndani, akamshika mkono. "Da Siwema, usinitoe siri. Ni mimi peke yangu niliyelia."

"Yaliyotokea humu huzikwa na kondo la nyuma," Siwema alijibu. Hicho ndicho kiapo cha wakunga, na yeye hakuwahi kukivunja.

Mmesikia? Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na kila mmoja, ili asijulikane, aliwacheka wengine kwa sauti kubwa zaidi.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi Zawena. Huyu ndiye aliyekaa mbele kabisa mkekani kila penye uzazi. Watoto saba, alisema, na hata nzi hakushtuka. Siwema alimsikiliza tu. Alikuwa na kovu la meno ya Zawena begani, tangu uzazi wa mtoto wake wa kwanza, Sefu. Siku ile Zawena alimwita mama yake, akamwita baba yake, akamaliza akamwita punda wa jirani.

Siku zikaenda. Sefu akakua, akaoa. Akamleta Mize, binti wa mbali, mpole, mwenye kuamini anachoambiwa. Hilo la mwisho lishikeni.

Mimba ilipokuwa kubwa, Mize alimwuliza Zawena, mavyaa yake, "Mama, ikiuma nifanyeje? Kwetu watu hupiga kelele mpaka kuku wanatawanyika."

"Kwenu," Zawena alisema. "Kwetu hatulii."

"Hata kidogo?"

"Mwanangu, mimi nimezaa saba. Waulize."

Mize akawauliza. Shangazi akasema hakulia. Wifi akasema hakulia. Jirani akasema hakulia, tena alikuwa akichambua mchele. Maskini Mize! Wengine wote walipoambiwa hayo, walijaribu wakashindwa, wakaficha. Yeye aliamini, akaweza.

Uchungu wa kwanza ulimkuta anafagia uwanja. Akaegemea ufagio, akanyamaza.

Wa pili ulimkuta anasonga ugali. Akaegemea jiwe la jiko, akanyamaza.

Wa tatu ulimkuta anamtilia mavyaa yake maji ya kunawa. Mtungi ukatetemeka, Zawena akatazama chini, akaona maji yamelowesha miguu ya Mize, na si ya mtungi.

"Ee! Chupa imepasuka! Umeanza lini?"

"Sasa hivi, mama."

Ilikuwa siku ya pili ya uchungu. Asubuhi ya pili, jua limeshapanda.

Siwema akaitwa. Akanawa, akapiga magoti, akapapasa. Mkono wake ukasimama. Mtoto alikuwa amelala kikingamo, kama gogo mlangoni, na alikuwa hivyo tangu jana.

"Mjukuu wangu, panauma wapi?"

"Si sana, bibi."

"Nikibonyeza hapa?"

"Si sana, bibi."

"Na hapa, ninapogeuza?"

Jasho lilimtiririka Mize mpaka masikioni. "Si sana, bibi."

Siwema akawa kama mtu anayetafuta njia gizani na taa yake imezimwa. Mkono unapapasa, lakini sikio halina kitu. Akamwinamia. "Lia, mwanangu. Nahitaji kukusikia. Nisikie wapi panachanika, wapi panaachia. Njoo hapa begani."

"Nitatundikiwa kengele."

"Hutatundikiwa. Wote hulia."

Mize akafungua macho. Akanong'ona, "Na mama Sefu? Alilia?"

Nje ya mlango, hatua tatu tu, Zawena alikuwa ameketi mbele ya wenzake. Siwema alisikia anavyotafuna tambuu. Jibu lilikuwa neno moja. Lilimpanda Siwema, likafika kooni, likafika ulimini. Lakini miaka arubaini ya kiapo ilikuwa ulimini hapo hapo, imejaa.

"Yaliyotokea humu huzikwa na kondo la nyuma," alisema.

Mize akafumba macho. "Basi siwezi kuwa mbuzi peke yangu."

Nanyi mnajua kama alikuwa peke yake.

Siwema akaimba wimbo wake, lakini chini yake hapakuwa na kilio cha kufunika. Akageuza, akangoja, akageuza. Adhuhuri ikapita. Jua lilipoanza kuinama mtoto akakubali, akaja, wa kike, mzito, wa rangi ya majivu. Hakupumua.

Siwema akamshika miguu, akamfuta kinywa, akampiga mgongo. "Lia!"

Kimya.

Walioketi nje wakaingia wote. Zawena akapiga magoti sakafuni, kilemba kimemvuka. "Lia, mjukuu wangu! Lia, mama, tusikie! Lia!" Shangazi akasema lia. Wifi akasema lia. Jirani akasema lia. Nyumba nzima ya Mavumba, ambayo haikutaka kusikia sauti ya mtu, ikamsihi mtoto wa dakika tatu alie.

Akalia.

Wakapiga vigelegele, wakakumbatiana, wakarukaruka. Siwema akafunga kitovu, akakata. Akageuka kumwekea Mize mtoto kifuani.

Mkeka chini ya Mize ulikuwa umeloa damu mpaka ukutani. Kilichochanika kilichanika zamani, wakati wote wameelekea kwa mtoto. Naye Mize alikuwa amekisikia kinavyochanika, na hakumwita mtu. Midomo yake ilikuwa imefumbwa vizuri, kama alivyofundishwa.

Haya. Nitakunywa maji kidogo.

Mnajua watu wa Mavumba walisema nini? Hata mwili haujapoa, shangazi akasema, "Masikini, lakini hakulia." Wifi akasema, "Hata mwisho, hakulia." Wote wakamgeukia Zawena amalizie, maana ndiye mwenye kumalizia. Naye, machozi yakimtoka, akaanza, "Kufa kikondoo..."

"Ngoja," Siwema akasema.

Akasimama. Nguo yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini.

"Umesema kweli. Huyu amekufa kiungwana. Basi ataoshwa na waungwana. Mimi sisemi siri ya mtu, nina kiapo. Lakini maji ni haya, na kata ya kuchotea ni hii. Yule ambaye hakulia mikononi mwangu aje aishike kata, amguse Mize, aanze kumwosha. Aliyelia abaki alipo."

Wanawake wakatazamana. Kila mmoja akasema moyoni, mimi siwezi, maiti haidanganywi. Ngoja wenzangu wanyanyuke. Shangazi akamtazama wifi. Wifi akamtazama jirani. Jirani akatazama vidole vyake. Wakangoja. Wakangoja. Maji yakapoa. Hakunyanyuka mtu.

Ndipo walipoanza kuelewa, mmoja baada ya mmoja, kama watu wanaoamshwa.

Zawena akanyanyuka.

Wote wakashusha pumzi. Walau yeye! Akaenda mpaka kwenye mkeka, akainama, akachukua kata. Akanyoosha mkono kwenye paji la uso la Mize. Mkono ukabaki hewani.

"Nililia," alisema. "Mize, mwanangu, nililia. Nilimwita mama yangu. Nilimng'ata Siwema. Nililia wote saba."

Kata ikaanguka. Shangazi akasema, nami. Wifi akasema, nami. Jirani akasema hakuwahi kuchambua mchele wowote. Wakalia, na hakuna aliyetoa kanga kujifunika. Kisha wakamwosha Mize wote, maana hapakuwa na mwungwana wa kuwazuia.

Mtaniambia Siwema alikuwa mwerevu. Hata wao walimwambia. Walimshika mikono, wakamwita mama wa hekima. Akaitoa mikono yake.

"Werevu huu nilikuwa nao asubuhi," alisema. "Ulihitaji neno moja. Majuto ni mjukuu, na mimi nimempokea leo kwa mikono yangu."

Akatoka nje. Sefu alikuwa ameketi chini penye ukuta, mahali pa waume, amekaa tangu jana. Alikuwa amesikia mtoto, na amesikia kilio kilichofuata. Alikwisha kujua. Alitaka kitu kimoja tu.

"Bibi. Mwishoni, aliniita?"

Miaka arubaini Siwema alifika mlangoni na kuwapa watu walichotaka kusikia. Alijua kukitamka. Kilikuwa tayari, kitamu, hakina gharama.

"Hapana, baba," alisema. "Hakukuita. Alitaka, nikamnyamazisha. Sisi sote tulimnyamazisha."

Akaketi naye mavumbini. Sefu akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika bila sauti, kama mkewe. Siwema akamshika kisogo, akamvuta.

"Kwa nguvu," alimwambia. "Nakusikiliza."

Hadithi yangu imefika, imeketi, miguu inauma. Utamu kama upo ni wenu, uchungu tugawane, uongo ni wangu peke yangu.