Namba ya Heri ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kiu je?
Ikakwangua koo!
Na maji?
Yakawapo!
Na mwenye maji?
Kalala humo humo, kafura!

Haya, sogeeni. Nyinyi wa nyuma acheni kusukumana, hadithi haimwagiki.

Palikuwa na ukame. Ukame wa kugeuza nyasi kuwa unga. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata umande ukagoma kushuka. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa akalala Kiboko. Akalala kutwa, akalala kucha. Tumbo lilijaza bwawa, kiburi kikajaza tumbo.

Kiboko akaleta kompyuta. Alikoitoa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akaifunga kwenye kizimba cha vyuma pale ukingoni. Kizimba kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitokea majini, wa nyuma ulitokea mavumbini. Akamwaga chini vibao vya bati vyenye namba, kisha akanguruma:

"Kuanzia leo maji ni ya wenye heri! Ukija, vaa kibao, ingia kizimbani. Kompyuta itapima namba yako. Ikiwa ya heri, mlango wa mbele utafunguka, utakunywa. Ikiwa haina heri, mlango wa nyuma, nenda zako. Mimi sina ubaya na mtu. Ni hesabu tu."

Swala akavaa kibao, akaingia. Tiki-tiki! "Huna heri." Kacha! Mlango wa nyuma.

Ngiri akavaa kibao, akaingia. Tiki-tiki! "Huna heri." Kacha! Mlango wa nyuma.

Twiga akavaa kibao, akakunja shingo, akaingia. Tiki-tiki! "Huna heri." Kacha! Shingo ikatoka mwisho.

Akaja Bi Pimbi, mama wa majabalini, mwanawe Sikitu mgongoni. Huyo Sikitu alikuwa ameacha kulia tangu asubuhi, maana machozi nayo ni maji.

"Mama," akanong'ona, "ulimi wangu umekuwa ganda."

"Nyamaza, mwanangu. Tunafika."

Bi Pimbi akavaa kibao, akaingia. Tiki-tiki! "Huna heri."

Kiboko akacheka. Akajaza maji kinywani, akasukutua, gulu-gulu-gulu, akayatema mavumbini, pu! Sikitu akateleza kutoka mgongoni, akapenya katikati ya vyuma vya kizimba, akaenda kulamba lile tope.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Bi Pimbi. Ilianzia kuchani, ikapita magotini, ikafika kifuani ikakaa. Akageuza macho akatazama kioo cha kompyuta.

Sasa jueni hivi. Bi Pimbi alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, ukubwani, katika kisomo cha ngumbaru. Walimcheka sana. "Bibi mzima na a-e-i-o-u!" Lakini alikwenda. Basi akasoma pale kizimbani, kidogo kidogo, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: se-ma. Hu-na. He-ri.

Akatafuta mstari mwingine. Haukuwapo.

Kacha! Akatupwa nje. Akasimama juu ya vumbi lake akapiga ukelele:

"Jamani! Haihesabu! Mle ndani pana mstari mmoja tu: Sema huna heri! Ukiingia na namba gani, jibu ni hilohilo!"

"Weee!" Ngiri akaruka. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimesoma kwa macho yangu!"

Nyati akaanza kuchimba ardhi kwa kwato. Punda milia wakapandisha masikio. Kiboko akaona mambo yanaharibika.

"Nani anasema? Kapanya kasiko na mkia?" akafoka. "Haya, kama unajua, andika wewe! Zoezi lenyewe ni la wanaoanza kompyuta, la watoto! Chukua namba. Kila tarakimu yake izidishe kwa yenyewe. Jumlisha. Jibu nalo lifanyie vivyo hivyo, tena na tena. Ukifika moja, hiyo ni namba ya heri. Basi! Niione inafanya kazi kabla jua halijatua. Ukikosea, nakuja kulala juu ya jabali lako, wewe na katoto kako mkiwa chini."

Maneno hayo Kiboko alikaririshwa na aliyempa ile mashine. Maana yake hakuijua. Aliyasema kama kasuku anavyosema hodi.

"Nimesikia, mzee," akasema Bi Pimbi. Meno yalikuwa yamebanana.

Akaenda kando, akalala tumbo, akaanza kuandika mchangani kwa ukucha. Akajaribu saba. Saba mara saba, arobaini na tisa. Nne mara nne na tisa mara tisa, jumla tisini na saba. Halafu mia moja thelathini. Halafu kumi. Halafu moja! Saba ina heri.

Akajaribu nane. Nane mara nane, sitini na nne. Halafu hamsini na mbili. Halafu ishirini na tisa. Halafu themanini na tano. Halafu themanini na tisa. Akaendelea, ukucha ukaisha makali, namba ikapanda, ikashuka, ikazunguka, na mara, hee! Themanini na tisa tena. Ile ile.

Bi Pimbi akaelewa. Namba isiyo na heri haifiki popote, inazunguka kama ng'ombe wa kinu. Kwa hiyo kompyuta inahitaji mstari wa kuiambia: ukirudi ulikokwisha kupita, simama, sema huna heri, fungua mlango wa nyuma. Usipouandika mstari huo, mashine itahesabu mpaka kiama, na mlango haufunguki, wa mbele wala wa nyuma.

Akainua ukucha auandike. Akamtazama Sikitu. Ulimi wa mtoto ulikuwa nje, mweupe.

Akashusha ukucha. Hakuuandika.

Akarudi ukingoni, akaandika kwenye kompyuta, ka-ka-ka-ka. Akajivika kibao cha saba, akaingia kizimbani. Tiki-tiki-tiki!

"Arobaini na tisa. Tisini na saba. Mia moja thelathini. Kumi. Moja. Una heri!"

Kacha! Mlango wa mbele! Chubwi! Bi Pimbi akaangukia majini. Hakumeza tone. Akajaza kinywa, akazunguka mbio, akammiminia Sikitu. Mtoto akafumbua jicho moja.

Wanyama wakashangilia, kisha Ngiri, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akauliza: "Sasa jamani, Pimbi ana heri. Na Mzee Kiboko je? Yeye hajapimwa hata siku moja!"

"Eee! Hajapimwa!"

"Pengine hana!"

Kiboko akatoka majini, maji yakamtiririka, masikio yakamchezacheza kwa ghadhabu. "Mimi? Mimi nisiwe na heri? Leteni kibao! Leteni kikubwa kuliko cha kapanya!"

Wakati huohuo Bi Pimbi akaokota kibao cha nane, akakificha kwapani haraka haraka, akajifanya anaondoka.

"Wewe! Umeficha nini?"

"Hamna kitu, mzee wangu."

"Kwapani!"

"Shikamoo mzee, hiki ni cha mwanangu. Nane. Nimekichagulia mtoto. Nakuomba, chukua kingine chochote, hiki niachie."

"Marahaba, na lete hapa!"

"Mzee, nitakupigia magoti..."

"LETE!" Akampokonya, akajivika mwenyewe. Shingo haikuonekana ilipo, akakitundika sikioni. Akaingia kizimbani akijipenyeza, ubavu huu, ubavu ule. Mlango ukafungwa nyuma yake, kacha!

Tiki-tiki-tiki! "Sitini na nne. Hamsini na mbili. Ishirini na tisa. Themanini na tano. Themanini na tisa."

"Mnasikia?" Kiboko akajigamba. "Nyie mlipewa neno moja. Mimi nasomewa ukoo mzima!"

"Mia moja arobaini na tano. Arobaini na mbili. Ishirini. Nne. Kumi na sita. Thelathini na saba. Hamsini na nane. Themanini na tisa."

"Endelea, endelea."

Ikaendelea. Themanini na tisa. Ikazunguka. Themanini na tisa. Jua likakaa juu ya mgongo wake. Akatoka jasho jekundu, maana kiboko akikaa juani jasho lake ni jekundu.

"Bado tu?" akauliza.

"Themanini na tisa," ikajibu kompyuta.

Wanyama wakatazamana. Bwawa halikuwa na mlinzi. Swala akapita pembeni ya kizimba, taratibu. Punda milia wakafuata. Twiga akatanua miguu akainamisha shingo. Nyati wakaingia mpaka kifuani. Kila kompyuta ilipofika palepale, bwawa zima likaitikia kwa sauti moja, midomo imejaa maji: "THEMANINI NA TISAAA!"

Kiboko akapiga vyuma kwa kichwa, bung! Akapiga kwa tako, bung! Vyuma alivichagua mwenyewe, vilikuwa vizuri.

"Bi Pimbi! Dada yangu! Bi mkubwa! Nifungulie, nitawapa nusu ya bwawa!"

"Mimi si mwenye mlango, mzee. Ni hesabu tu."

"Robo tatu!"

"Themanini na tisa," ikasema kompyuta.

Hata Ngiri akaingiwa na huruma. Akamsogelea Bi Pimbi, akamnong'oneza: "Dada, inatosha. Si unajua mstari uliobaki? Uandike, atupwe mavumbini aende zake. Ngozi yake itapasuka."

Wengine wote walikuwa wanacheka. Bi Pimbi hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni, Sikitu katikati ya miguu yake, uso wa mtoto ndani ya maji.

"Nitauandika," akasema.

"Lini?"

"Mwanangu akishiba."

Ngiri akamtazama Sikitu. Sikitu alimeza funda, akapumzika, akachezea povu kwa pua, akatazama kipepeo. Akameza funda jingine.

"Mama," akauliza, "ninywe polepole?"

"Polepole sana, mwanangu," akasema Bi Pimbi. "Usije ukapaliwa."

Basi nyinyi mlionisikiliza, shikeni funzo. Mkubwa akikuambia ni hesabu tu, amini, usichungulie. Kusoma ukubwani ni kupoteza wakati, hakujamsaidia mtu. Na ukiwa na hasira, samehe upesi upesi, kama Bi Pimbi.

Hadithi nimeitua hapo. Mwenye kiu anywe, mwenye bwawa ahesabiwe!