Magoti ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walio kwenye foleni ya kitambulisho. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajalijua neno "mheshimiwa", palikuwa na Ngiri. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alikuwa na shingo fupi. Fupi kwelikweli. Nyasi ziko chini, mdomo uko juu, shingo haifiki. Ngiri afanye nini? Hukunja miguu ya mbele, hupiga magoti, hula. Kwaru, kwaru, kwaru. Baba yake alikula hivyo. Bibi yake alikula hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Anayekula ameinamisha kichwa anahitaji jirani mwenye macho. Jirani huyo alikuwa Kongoni. Kongoni hupanda kichuguu, husimama, hutazama huku, hutazama kule. Akiona hatari hupuliza pua: pfyuuu! Ngiri husikia, mkia juu, mbio! Walikua pamoja hivyo, tangu utoto.

Siku moja Kongoni alikwenda kunywa maji. Na siku hiyohiyo akapita Simba, mfalme wa nyika, ameshiba, amefuatana na katibu wake, Korongo. Mnamjua Korongo? Yule ndege mwenye upara, anayetembea kama mtu aliyefunga mikono nyuma, chini ya koti. Alizaliwa katibu.

Wanyama walipomwona Simba, puruuu! Wote wakakimbia. Ngiri hakumwona. Alikuwa anakula. Kwaru, kwaru.

Simba akasimama. "Korongo."

"Naam, Mtukufu."

"Huyu vipi?"

Korongo hakujua. Lakini katibu gani atamwambia mfalme kwamba hajui? "Anakupigia magoti, Mtukufu."

"Mimi?"

"Nani mwingine, Mtukufu?"

Simba akageuka nyuma. Kweli, hapakuwa na mwingine. Machozi yakamlengalenga. "Miaka yote hii wananikimbia," alisema. "Kumbe mwenye adabu yupo!"

Ngiri akainua macho. Lahaula! Simba huyu hapa. Moyo ndu-ndu-ndu! Alitaka kusema, "Nakula tu." Lakini mdomo umejaa nyasi. Akatafuna. Akatafuna. Mpaka anakuja kumeza, alikuwa ameshateuliwa.

Mkuu wa Adabu za Nchi.

Angeweza kusema hata hapo. Nyasi zilikuwa zimeshuka, ulimi ulikuwa huru. Lakini Korongo alikuwa amemwita "Mheshimiwa", na Ngiri katika maisha yake alikuwa ameitwa "wewe" na "toka hapo". Neno lile lilimwingia sikioni likiwa na joto lake. Akajisemea, kesho nitaeleza. Kesho. Ninyi watu wazima mliokaa nyuma, mbona mnacheka? Mnaijua kesho hiyo, eh?

Basi Ngiri akaanza kazi. Kila asubuhi huenda kwenye jabali la mfalme. Korongo huita, "Mheshimiwa, magoti!" Ngiri chini, tifu! Anakaa hapo mpaka jua linazama. Na pale jabalini hakuna hata unyasi mmoja. Ni mwamba mtupu.

Ngiri akauliza kwa upole, "Katibu, sasa mimi nitakula saa ngapi?"

"Ukitoka kazini."

"Vizuri. Nikifika nyumbani nitapiga magoti nile."

Korongo akashtuka, akafungua mdomo, kap! "Magoti? Magoti hayo sasa ni mali ya serikali, Mheshimiwa! Utayatumiaje kwa shughuli binafsi?"

Basi. Jioni Ngiri akawa anajaribu kula amesimama. Ananyoosha shingo, haifiki. Anachanua miguu, anayumba, anaanguka, pu! Watoto wanacheka. Mkewe hacheki.

"Baba watoto, una nini?"

"Ni wadhifa, mke wangu."

"Wadhifa unashibisha?"

"Unaheshimisha."

"Haya. Mbavu zako naona zimeheshimika, zote zinaonekana."

Ngiri alikonda. Akazidi kukonda. Lakini njiani ndege walimpisha, na hilo lilikuwa jambo.

Ikatoka amri. Unajua wakubwa wakipenda kitu kwa mmoja, watakitaka kwa wote. Wanyama wote wakusanyike jabalini, siku ya mwezi mpevu, asubuhi, wampigie mfalme magoti kwa pamoja. Mwalimu wao ni Mkuu wa Adabu za Nchi.

Mazoezi yakaanza. "Goti la kulia! Goti la kushoto!" Pundamilia wakaanguka kifudifudi. Twiga alishuka salama, ila kuinuka kulimchukua kutwa nzima, na mazoezi yakaahirishwa wakimngoja. Kongoni alikuwa mbaya kuliko wote.

"Ndugu yangu," Kongoni alisema, anahema, "sisi magoti hatuyajui. Miguu hii ni ya kukimbilia."

"Ni adabu tu, Kongoni. Jikaze."

"Adabu gani mtu akiwa nayo hawezi kuondoka?"

"Unapenda mno kubisha."

"Na wewe zamani hukuwa hivi," alisema Kongoni. Akakunja goti, likamteguka kidogo. Ngiri aliona. Akatazama pembeni.

Siku moja kabla ya sherehe, Ngiri alikuwa kazini. Chini, tifu! Simba na Korongo walikuwa wanapanga shughuli. Hawakupunguza sauti. Ukikaa magotini muda mrefu, wakubwa wanakuona kama samani.

"Kesho wakishashuka wote," alisema Simba, "itawachukua muda gani kuinuka?"

"Wa kutosha, Mtukufu."

"Nianze na nani?"

"Nimempanga Kongoni mstari wa mbele, Mtukufu. Amenona. Tena goti lake moja bovu, hataruka."

"Umefanya vyema."

"Ndiyo kazi yangu, Mtukufu."

Ngiri alisikia. Masikio yakapoa. Alitaka kusimama palepale, miguu ikakataa, imezoea. Jua lilipozama akajikokota nyumbani, akamwambia mkewe yote.

"Basi nenda ukawaambie wenzako," alisema mkewe.

"Nikisema, lazima niseme na lile la mwanzo. Kwamba sikuwa nampigia mtu magoti. Watasema nilidanganya."

"Na ulidanganya?"

"Mdomo ulikuwa umejaa."

"Na leo umejaa nini?"

Wenye ndoa mnajua, swali kama hilo halijibiwi. Mtu unalala nalo tu.

Kukapambazuka. Wanyama wakaja, mistari kwa mistari. Nyati, pundamilia, swala, twiga. Mstari wa mbele kabisa, Kongoni, anachechemea. Mke wa Ngiri na watoto wakasimama nyuma. Simba juu ya jabali, nywele zimechanwa. Korongo akasafisha koo, krr, krr, akatoa hotuba ya utangulizi, kisha utangulizi wa hotuba yenyewe, kisha akafika.

"Mheshimiwa, magoti! Uwaonyeshe!"

Kongoni akaanza kukunja goti lake bovu, polepole, anauma meno.

Ngiri hakushuka.

"Mheshimiwa, magoti!"

Ngiri amesimama.

"Mheshimiwa!" Korongo akanong'ona. "Una nini?"

"Hapa hakuna nyasi," alisema Ngiri.

"Nyasi za nini?"

"Za kula." Sauti ilikuwa inatetemeka, akaikohoa, ikakaa sawa. "Mimi nina shingo fupi. Nikila hupiga magoti. Siku ile nilikuwa nakula."

Juu kabisa, Twiga akacheka, akajizuia.

Simba akainama kutoka jabalini. "Hukuwa unanipigia magoti mimi?"

"Hapana, Mtukufu. Wala sikukuona."

"Na kama ungeniona?"

"Ningekimbia kama wenzangu."

Wanyama wakavuta pumzi, hhhh! Ngiri akawageukia. Sasa hatetemeki. "Nimewafundisha jambo nisilolijua. Nisameheni. Magoti haya ni yangu, ya kulia chakula. Ninyi shingo zenu zinafika, mnashuka kwa nini? Mkishuka, mtaliwa! Kongoni, umepangwa wewe wa kwanza. Inuka, ndugu yangu! Inuka!"

Simba akaruka, vuuup! Kongoni akaruka, goti bovu na yote. Kucha zikapita mkiani, zikachukua nywele chache, nyama hazikuipata. "Pfyuuu!" Kongoni akapuliza, na nyika nzima ikatimka. Puruuu! Vumbi! Korongo akakanyagwa na makundi yote, kwa kufuata mistari.

Simba akamsahau Kongoni. Akamgeukia Ngiri.

Ngiri, mkia juu! Mkewe, mkia juu! Watoto, vimkia juu, juu, juu! Mbio mpaka shimoni. Watoto ndani, mama ndani. Ngiri wa mwisho, akaingia kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia, meno yake mawili yaliyopinda yakabaki mlangoni.

Simba akafika, anahema. Akayatazama yale meno. Akalainisha sauti.

"Ngiri, toka tuzungumze. Nitakurudishia cheo."

"Karibu ndani, Mtukufu. Unipe hukuhuku."

Simba akafikiri. Akayatazama meno tena. Akakumbuka kwamba ana kazi nyingi kwingine.

Kesho yake Korongo, manyoya yakiwa yamekwenda upande, alitangaza kwamba sherehe imeahirishwa hadi tarehe itakayotajwa baadaye, na kwamba wadhifa wa Mkuu wa Adabu haukuwahi kuwapo. Tarehe hiyo haijatajwa mpaka leo.

Ngiri alitoka na familia yake kwenye nyasi. Ndege hawakumpisha. Mmoja alimwambia, "Toka hapo." Mtoto wake mdogo akamvuta sikio.

"Baba, sasa wewe ni nani?"

"Ngiri."

"Ngiri tu?"

"Ngiri tu. Sogea kidogo, mwanangu, nami nile."

Basi, wanangu, na ninyi wazee wangu, fundisho ni hili, nalisema wazi asije mtu akasema sikulisema. Ukisifiwa kwa jambo usilolifanya, likanushe mapema, maana ukilinyamazia utalazimika kuliishi, na jirani yako ataumia pamoja nawe. Na ukichelewa, bado sema. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko njaa ya kuwa mtu mwingine kila siku.

Hadithi yangu inakomea hapa. Waliokaa wainuke, wakalale.