Nani Amshike Mkono Leokadia?

Tulieni kwanza, kubishana mtabishana baadaye. Na asijibu mtu kabla sijamaliza, nawajua nyie.

Kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Lukumbe kulikuwa na mafundi watatu. Kihwelo alijaliwa masikio: injini ikinguruma, wenzake wanasikia kelele tu, yeye anasikia inaumwa wapi. Tunsume alijaliwa vidole, vyembamba na vyepesi, vinafunga nati hata asipoiona. Chande je? Chande alijaliwa ubishi. Ndiyo, ubishi! Ukimwambia kazi imekwisha, anakuuliza nani kasema. Miaka tisa walikuwa wanahudumia ndege, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda kama abiria.

Jumamosi moja ndege ilikuwa inaondoka saa nne asubuhi kwenda Songea. Ndani alikuwamo bibi harusi, Leokadia, keshavaa shela kabisa, maana ndoa ilikuwa saa nane na padri alishasema hamsubiri mtu. Baba yake alifariki zamani. Wa kumshika mkono hadi altareni alikuwa mjomba wake, aliyekaa kiti cha pembeni, kakamata mkanda kwa mikono miwili.

Rubani akawasha injini. Kihwelo, aliyesimama mbele ya ndege, akainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa: zima!

"Kuna nini tena?" rubani akauliza dirishani baada ya kuzima.

"Inapiga mluzi."

"Mbona mimi sisikii?"

"Ndiyo maana wewe unaendesha na mimi natengeneza, kaka."

Wakafungua kifuniko. Kweli, bomba la hewa ya moto limelegea kwenye kibano chake. Lingechomokea angani, injini ingeishiwa nguvu juu ya misitu. Kihwelo akachekelea, halafu akakumbuka. Kibano kile alikifunga yeye mwenyewe jana.

Mjomba aliposikia hayo, akafungua mkanda na kushuka. "Mwanangu, nakupenda sana," alisema, "lakini mimi nakuja na basi."

Basi hufika Songea usiku! Leokadia akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Kibano kilikuwa nyuma kabisa, katikati ya mabomba. Kihwelo alijaribu, kiganja kikakwama. Kung'oa mabomba yale ni kazi ya siku nzima. Basi Tunsume akavua saa, akapenyeza mkono kwenye injini ambayo bado ni ya moto, akafumba macho.

"Msinisemeshe," alisema.

Akapapasa, akakaza, akafunga na waya. Mkono ulitoka na alama nyekundu hadi kwenye kiwiko. Abiria wakampigia makofi na vigelegele.

Na Chande muda wote huo alikuwa wapi? Kivulini chini ya bawa, anakunywa chai! Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vifaa vyote vimerudi, kisha kusaini daftari la ndege. Sanduku la mafundi lina shimo la umbo la kila kifaa. Akalifungua, akaona shimo moja tupu, la spana ndogo.

"Itakuwa karakana," alisema Tunsume huku anapuliza mkono.

"Nani kasema?"

"Jamani Chande, bibi harusi anachelewa!"

"Sisaini."

Rubani akafoka. Shangazi mmoja akamwita mchawi wa ndoa za watu. Chande hata hakugeuka. Alifungua tena kifuniko, akachungulia kwa tochi na kioo robo saa nzima, akaikuta spana imelala kwenye kifimbo kinachoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Wangeruka nayo, kifimbo kingekwama. Tunsume aliangalia chini, kwa sababu spana aliisahau yeye.

Injini ikajaribiwa, mluzi hakuna. Daftari likasainiwa saa sita. Leokadia akasimama mlangoni, gauni limeujaza mlango wote.

"Kiti cha mjomba kipo," alisema. "Aliyeniwezesha kufika ndiye atakayenikabidhi kwa mume wangu. Ni nani kati yenu?"

"Ni mimi!" alisema Kihwelo. "Bila masikio yangu mngeondoka na ubovu."

"Si ubovu wako mwenyewe?" alidakia Tunsume. "Ungesikiliza mluzi mpaka jioni. Mkono uliobabuka ni wangu."

"Mkaitengeneza mpaka ikawa mbaya kuliko mwanzo," alisema Chande. "Bila mimi leo ni msiba."

"Nyamaza, mnywa chai!" walimjibu wote wawili kwa pamoja.

Rubani akatazama saa. "Dakika moja tu, jamani."

Leokadia akanyoosha mkono wake wenye glavu nyeupe. Mikono mitatu ya grisi ikanyooshwa kuupokea.

Msiniambie waende wote. Kiti ni kimoja na mkanda ni mmoja. Wala msiniambie aende peke yake, kalia vya kutosha huyu binti. Haya, sasa semeni. Ingekuwa ndoa yako wewe, na kanisa zima limegeuka kukutazama, ungeingia umeshikwa mkono na yupi?