Unga Ndani ya Mkoba wa Kamera

Abebaye ndiye afungaye. Mmeusikia msemo huu mkacheka, mkauliza nani aliusema kwanza. Basi kaeni niwaeleze ulikotoka, na wala si kwa kuchekesha.

Palikuwa na mama mmoja huko Maswa akiitwa Nkwimba. Siku moja alikwenda kusaga muhogo mashineni, na shoga yake Kwandu akampa neno lililomganda kama kupe: eti huko ng'ambo ya mpaka, mgeni akionekana na kamera hukamatwa, huitwa jasusi, na mamaye hamwoni tena. Nani kaona? Hakuna. Kwandu naye alisikia kwa mtu. Lakini tangu siku ile Nkwimba hakupata usingizi, maana mwanawe Luhende alikuwa anafunga mizigo aende kwa baiskeli mpaka nchi za kusini, apige picha za wachukuzi wa baiskeli kila atakapopita. Miaka miwili alikuwa akiiwaza safari hiyo tu.

Luhende alitandaza mkeka uani, akapanga vitu kimoja kimoja: tyubu mbili, pampu, spana, viraka, cheni ya akiba, nguo chache. Kamera aliiviringisha ndani ya sweta, akaitia kwenye mkoba wake na kuuweka juu kabisa katika mfuko wa keria.

"Mayu, usiguse tena," alimwambia mama yake. "Kila kitu nimekipimia mahali pake."

"Niguse nini mimi? Ninyi na mavyuma yenu!"

Luhende alipokwenda kumuaga mjomba wake, Nkwimba akaufungua mzigo. Akatoa kamera, akaifukia kwenye debe la choroko. Kisha akaogopa mwanawe asije akaona mkoba umekuwa mwepesi. Akajaza unga wa muhogo kwenye mfuko wa nailoni, akaupiga mafundo matatu, akauviringisha kwa sweta lile lile, akautia mkobani. Akaupima mkononi. Sawasawa! Tena akajisifu moyoni: jasusi hataitwa, na njaa haitampata.

Siku ya kumi Luhende akafika mpakani. Ofisa mmoja, mwanamke, akamsimamisha.

"Kijana, mzigo huu amefunga nani?"

"Mimi mwenyewe, afande."

"Hakuna aliyekuwekea kitu?"

"Hakuna."

"Na humu?" akauliza, akiugusa mkoba.

"Kamera."

Sweta likafunguliwa. Ndani mna mfuko wa unga mweupe, umepigwa mafundo matatu.

"Kumbe siku hizi kamera zinasagwa," yule afande akasema, lakini hakucheka. Akawaita wenzake wawili.

Jioni simu ya Nkwimba ikalia.

"Mayu," sauti ya Luhende ilikuwa kama ya mtu mwingine, "nimefungwa pingu. Wanasema nimebeba dawa za kulevya. Kamera yangu iko wapi?"

Nkwimba akakaa chini palepale. Akinyamaza, mwanawe anapotea. Akisema, mwanawe atajua ni yeye aliyefungua mzigo.

"Iko hapa, kwenye choroko. Huo ni unga wa muhogo, baba. Nimeuweka mimi."

Kisha ikaja sauti ya yule afande. "Mama, mwanao ameniambia mara mbili kwamba mzigo kafunga mwenyewe. Sasa nimwamini nani?"

Unga ulipelekwa kupimwa. Siku nne Luhende alilala sakafuni mahabusu, na ulipoonekana ni unga tu, akaachiwa. Hakuendelea mbele, alirudi nyumbani. Hakumgombeza mamaye, na hilo ndilo lililomuuma Nkwimba kuliko matusi. Luhende akamwaga vitu vyote mkekani, akaanza kufunga upya.

Jirani mmoja akapita. "We Nkwimba, umekunja mikono na mtoto anahangaika peke yake? Si umsaidie!"

"Mwache," Nkwimba akajibu, machozi yakimlenga. "Mpakani hawakuniuliza mimi, walimuuliza yeye. Abebaye ndiye afungaye."

Ndipo msemo ulipoanzia. Basi, wazazi na ninyi vijana, epukeni haya:

Kusadiki la kusikia kabla ya kumuuliza anayejua.
Kufungua mzigo wa msafiri akiwa hayupo, hata kwa mapenzi.
Kutia unga, dawa au kifurushi cha mtu bila kumwambia mwenye mzigo.
Kusema "nimefunga mwenyewe" kama hukuukagua tena asubuhi ya safari.
Kuona haya kukiri, na mwanao yuko kwenye pingu.