Ambakisye Alivyopiga Goti Mbele ya Mstari

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo mwenyewe mgahawani kwa Asajile, Tukuyu, meza ya mbele kabisa, na macho yangu hayajawahi kunidanganya.

Mzee Mwakalinga alikuwa na mwanawe, Ambakisye, anayecheza mpira wa Marekani, ule wa kubebwa mikononi. Miaka tisa analipwa kwa kazi moja: kuwazuia wapinzani kwa kifua. Mpira wenyewe hakuwahi kuugusa kwenye mechi.

Asajile hakumpa mzee nafasi. "Baba Ambakisye, hivi mwanao ni mchezaji au geti?"

Mzee anakunywa chai yake. Moyoni alikuwa na ombi moja tu: amwone kijana akivuka mstari wa mwisho na mpira, afunge, hata mara moja, Tukuyu nzima inyamaze.

Ikafika fainali, na ndiyo mechi ya kumuaga Ambakisye. Kule Marekani usiku, kwetu asubuhi, chapati zinatoka jikoni, sote macho kwenye runinga. Timu yake inaongoza kwa pointi moja, imebaki dakika moja, wapinzani wana mpira. Mara ukawaponyoka, ukadunda, ukatua mikononi mwa Ambakisye!

Mbele yake hakuna mtu. Akatimua mbio. Mzee akapanda juu ya benchi, na miaka yake sabini na moja. "Nenda, baba! Nenda!"

Hatua moja kabla ya mstari, Ambakisye akasimama. Akapiga goti, mpira kaukumbatia kama mtoto mchanga.



"Kachoka!" Asajile akapasua kicheko. "Miaka tisa anausubiri, kaupata, kachoka!"

Mzee akashuka taratibu, akaipa runinga mgongo. Aibu ilimjaa hata mwisho wa mechi hakuuona. Kilichomshtua ni simu. Akaiweka spika.

"Baba, umeona? Tumechukua kombe!"

"Kombe gani? Mimi nimeona umepiga goti."

Ambakisye akacheka. "Baba, huku ukifunga, mpira wanapewa wao. Wangekuwa na dakika nzima ya kutusawazishia. Nilipopiga goti ukabaki wetu, tukakaa nao mpaka saa ikaisha."

"Kwa hiyo ungeweza kufunga?"

"Hata kwa kutambaa, baba."

Mzee akavuta pumzi ndefu, kisha akamgeukia Asajile. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Hata mimi ningepiga goti."

"Wewe? Wewe ungevuka mstari, ukatoka uwanjani, ukafika Mbeya bado unashangilia!"

Watu wakavunjika mbavu, Asajile mwenyewe akiwa wa kwanza. Chai ya mzee siku hiyo ikawa ya bure.

Funzo: Si kila aliyeishia karibu na sifa ameshindwa, wengine wameziacha makusudi ili wenzao washinde.

Ile hatua moja nimeipunguza mwenyewe, zilikuwa kama nne hivi. Mengine yote ni kweli tupu, mrushie na mwenzako.